Daftari la Mtaa wa Kisima

Nianze na daftari, maana ukimwondolea Filumena lile daftari anabaki mwanamke yeyote wa kijiji chetu cha Ħal Bordin: magoti mabovu, sauti ya kuita watu kutoka roshanini, na sufuria kubwa kuliko familia yake. Lilikuwa daftari la jalada la kahawia, limefungwa kwa mpira wa soksi. Ndani yake ulikuwamo Mtaa wa Kisima mzima, nyumba kwa nyumba, jina kwa jina, na mbele ya kila jina alama moja. Vema, huyu wetu. Msalaba, Mungu anisamehe, huyu wa wale wengine. Alama ya kuuliza, huyu bado anajifikiria. Alama za kuuliza hazikufika tano, na Filumena alijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia watoto.

Miaka thelathini na mmoja aliushika mtaa ule. Malta nzima kila chama kina watu kama yeye, mmoja kila mtaa, na uchaguzi ukikaribia wanapita mlango hadi mlango. Hesabu zao zinapelekwa makao makuu, zinajumlishwa, na wakubwa wanalala usingizi au hawalali. Filumena hakuwahi kugombea hata uongozi wa kwaya. Halipwi. Ukimuuliza kwa nini anajisumbua, anakukodolea macho kana kwamba umemuuliza kwa nini anapumua.

Lakini sisi wa kijijini tunajua kwa nini. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anashona jinzi kiwandani, baba yake alipofariki ghafla bandarini. Mzee hakuwa na kaka wala mtoto wa kiume wa kubeba jeneza. Wakaja wanaume sita kutoka klabu ya chama, wamevaa suti zilizonuka dawa ya nondo, wakambeba hadi kanisani bila kuombwa. Wiki nzima wanawake wa klabu waliacha chakula mlangoni, supu leo, tambi kesho, bila hata kugonga. Mwaka uliofuata alikwenda klabuni kusema asante, na Wenzu, aliyekuwa akiuza kahawa pale, akamwambia ukitaka kushukuru vizuri osha hizi glasi. Akaosha glasi, akaolewa na Wenzu, akapewa mtaa. Wenzu alipotangulia mbele ya haki, jeneza lake nalo likabebwa na watu wa klabu. Kwa hiyo Filumena alikuwa na chama chake kama mtu anavyokuwa na mama. Hukai ukamchunguza mama yako.

Basi, uchaguzi ule daftari lilisema hivi: majina mia na arobaini, vema mia na kumi na mbili. Makao makuu walimpigia simu kumpongeza. Grezzju, mwenyekiti wa klabu yetu, mtu mwenye kifua kama pipa na lori la kubebea mawe, alilifunga lori maua na bendera tangu Ijumaa, akapachika spika nne juu yake. Jumapili asubuhi mtaa mzima ulishatikiswa na muziki wake wa majaribio.

Saa sita na nusu mchana ikaja simu kutoka ukumbi wa kuhesabia kura, ya wale vijana wetu wanaobandika pua kwenye kioo kuchungulia karatasi zikihesabiwa. Grezzju alisikiliza. Akazima muziki. Tukajua.

Haikuwa kushindwa kwa kuteleza. Tulipigwa hadi tukasahau jina. Wale wengine walipita mbele ya klabu na magari yao, honi mtindo mmoja, na shangazi mmoja mtu mzima, wa kuheshimika, alijitokeza dirishani mwa gari akatupungia leso kama anaaga meli. Klabuni watu walikaa na tambi zao zinapoa. Ndipo likaja la pili: vijana wa kiooni walikisia kwamba sanduku la Mtaa wa Kisima lilitupatia kura sitini na kitu.

"Bi Filumena," akasema Grezzju mbele ya watu wote, "mia na kumi na mbili uliniandikia. Sitini nimeziona. Hizo nyingine zimekwenda wapi, zimepaa na njiwa?"

Filumena akachukua mkoba wake akatoka. Yeye, ambaye hajawahi kukosa jibu hata kwa padri!

Njiani kuelekea nyumbani ndipo moyo ulipompiga paa. Mkabala na mlango wake anakaa Ġiġa, mjane kama yeye, wamekaa uso kwa uso miaka arobaini. Sisi huku ufunguo unakaa nje, kwenye kitasa, tangu asubuhi mpaka jioni. Mtu wako hagongi, anazungusha ufunguo anaingia, anaita "ni mimi!" akiwa tayari yuko jikoni. Ufunguo unaondolewa kukiwa na msiba, au safari, au ugomvi. Filumena aliuzungusha ufunguo wa Ġiġa mara nyingi kuliko wake mwenyewe.

Siku ile ufunguo haukuwepo. Alisimama pale barabarani, jua la mchana kichwani, akitazama tundu tupu la kitasa. Msiba hakuna. Safari, Ġiġa huyu asiyefika hata sokoni? Akaingia kwake, akakaa, na sungura aliyempika kwa ajili ya ushindi hakumgusa.

Wiki ile ilikuwa ya kulaumiana. Mmoja alisema ni tai ya kiongozi, rangi yake ilikuwa ya mkosi. Mwingine alisema ni yule mshauri wa kutoka ng'ambo. Wengine waliona tubadilishe wimbo. Grezzju hakuwa na muda wa nyimbo. Kwake jambo lilikuwa dogo na wazi: wasaliti.

"Wakili Doreanne anakuja kutoka makao makuu," aliitangazia kamati. "Jumamosi ya tatu kuanzia leo, anapita klabu zote kuuliza kilichotokea. Sisi tutampa jibu lililoandikwa. Bi Filumena, wewe rudi mtaani. Watu hamsini walikuangalia machoni wakakudanganya. Niletee majina."

"Ukishayapata utayafanyia nini?" aliuliza mmoja.

"Lori lina spika nne," akasema Grezzju. "Nitazipatia kazi."

Wote walielewa. Uchaguzi wa nyuma alilisimamisha lori chini ya dirisha la mtu mmoja aliyesemekana ametugeuka, akamchezea wimbo wa chama Jumapili nzima, huku mama wa yule mtu yuko hoi kitandani ndani. Mkosaji hakuomba radhi, alihama kijiji.

Niseme kweli, Filumena hakukataa. Alikuwa na hasira kuliko hata Grezzju. Miaka thelathini na mmoja! Harusi zao alihudhuria, watoto wao aliwasimamia ubatizo, chai zao alikunywa mpaka tumbo likajaa maji. Jumatatu akafunga kilemba, akatia daftari kwapani, akaenda kuwasaka.

Nyumba ya kwanza walimpa biskuti wakaapa kwa Bikira kwamba hawakugeuka. Ya pili vivyo hivyo, biskuti za anisi. Ya tatu walizidisha chumvi hadi wakalia machozi. Ya nne ilikuwa ya Nenu, kapera mzee mfuga njiwa, mwenye ulimi usio na breki.

"Nenu, niambie ukweli. Ulitupigia sisi?"

"Sikuwapigia."

Filumena akabaki na penseli hewani. "Lakini uliniambia..."

"Mimi? Nilikuambia nini? Hebu kumbuka, dada. Wewe uliingia hapo, umesimama hivyo hivyo, ukasema, 'Hii nyumba yetu, siyo Nenu?' Na penseli tayari imeshaandika! Nilikuwa bado natafuta meno yangu ya bandia, wewe umeshapiga vema umeondoka."

"Ungeniita!"

"Nikuite nikuambie nini? Wenzu alikuwa rafiki yangu. Nikuvunje moyo mlangoni kwangu, mjane wa watu? Nikaona heri unywe chai yako kwa amani." Akampungia mkono njiwa aliyetua dirishani. "Filumena, mimi nakupenda, lakini tangu lini wewe umeuliza swali?"

Alitoka pale uso umemwiva. Akafika kona, akasimama. Watu waliokuwa wakipita walimwona akiongea peke yake, akikunja vidole kama anayehesabu dhambi kabla ya kuungama. Kisha, jambo ambalo yeye mwenyewe hulisimulia akicheka, akageuka akarudi, akagonga kwa Nenu kama mgeni.

"Haya," akasema. "Leo nauliza. Tulikukosea nini?"

Nenu alizungumza saa nzima na robo. Kituo cha basi kimehamishwa hadi juu kilimani na yeye ana nyonga ya chuma. Aliandika barua mbili, hakuna aliyemjibu, si sisi si wale wengine, ila wale wengine angalau walikuja mlangoni kuichukua barua ya tatu. Na jambo jingine la hospitali. Na jingine la kiongozi wetu kuongea kwenye televisheni kama anawafokea watoto. Filumena aliandika yote. Hakupiga alama yoyote. Alipoinuka, Nenu akamshika mkono.

"Ahsante," akasema Nenu, na sauti yake ilikuwa tofauti.

"Ya nini wewe? Mimi ndiye niliyekuja kukusumbua."

"Ya kuketi."

Lile neno lilimkaa. Akazirudia nyumba tatu za mwanzo, zile za biskuti, safari hii bila kuuliza kura ilikwenda wapi. Aliuliza swali lake lile moja akanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikomtoa jasho. Watu wakaanza kufunguka. Siku ya tatu walikuwa wakimwita kutoka roshanini: "Bi Filumena, kwangu unafika lini? Mimi nina yangu!" Wengine walisema wanatupenda lakini hawatuamini. Wengine walisema wanatuamini ila hatuna jipya. Mwanamke mmoja alisema jambo lililomfanya Filumena aache kuandika: "Mnakuja miezi miwili kila miaka mitano. Hata fundi wa gesi namwona zaidi yenu."

Usiku alikuwa anasali sala zake za kawaida akajikuta anawashukuru, jina kwa jina. Hakujua anashukuru nini hasa. Anasema alihisi kama mtu aliyetolewa kibanzi kidoleni, panauma, ila unalala.

Mlango mmoja aliuruka kila siku. Ulikuwa mkabala na wake.

Alhamisi ya wiki ya pili akavuka barabara. Kitasa bado kitupu. Akagonga, yeye Filumena, akagonga mlango wa Ġiġa! Mlango ukafunguliwa upana wa kiganja.

"Ni mimi," akasema.

"Naona," akasema Ġiġa.

"Unaniacha nje?"

Ġiġa akasogea shingo upande. Jikoni kila kitu kilikuwa mahali pake: meza, birika, picha ya Mtakatifu, na kile kitanda chembamba kando ya jokofu. Kitanda kile kilikuwa pale mwaka wa nne sasa. Filumena alikizoea. Kila wiki alikunywa chai akiwa amekikalia.

"Mimi ni mmoja wao," Ġiġa akasema kabla hajaulizwa. Alikuwa amesimama, mikono ndani ya aproni. "Niliwapigia wale wengine. Haya, umesikia. Andika."

Filumena akakaa kitandani. "Wewe? Baba yako ndiye aliyeweka jiwe la klabu!"

"Baba yangu yumo kaburini, Filumena. Mimi nimo jikoni. Unajua kwa nini nalala jikoni?"

"Si miguu? Si ulisema ngazi..."

"Mimi nilisema ngazi? Wewe ndiye uliyesema ngazi. Ulikikuta kitanda, ukasema, 'Maskini, ngazi zimekushinda,' ukamimina chai." Akaelekea ngazini. "Njoo."

Akampandisha chumbani juu, ngazi zenyewe akizipanda vizuri tu. Ukuta wa upande wa jirani ulikuwa na ufa kutoka dari hadi sakafuni, unaingiza mkono. Ule upande mwingine mjenzi alikuwa amechimba shimo la magorofa, akaleta mashine, akatikisa nyumba ya watu miezi sita. Filumena alipouona ule ufa, kila kitu kikamrudia, na hiki ndicho anachosema kilimuua. Alijua. Miaka minne nyuma Ġiġa alimwambia habari za ukuta, tena akilia. Naye alikwenda klabuni siku hiyo hiyo, akamwambia mheshimiwa wetu wa jimbo. Mheshimiwa akamgonga begani akasema, "Niachie mimi, Filumena." Akamwachia. Kumbe mheshimiwa ndiye aliyemwandikia yule mjenzi hati zake za kiwanja, wanakula meza moja. Filumena alikuja kuyasikia hayo yote baadaye, akajitia hamnazo. Maana angemwambia Ġiġa nini? Kwamba chama kilichombeba baba yake Filumena kimeshindwa kubeba ukuta? Ikawa rahisi kusema ngazi.

"Nilikusubiri," Ġiġa alisema. "Sikusubiri ukuta upone. Nilisubiri urudi uniambie, 'Ġiġa, wamekataa.' Basi. Ningekasirika siku mbili, ya tatu tungepika sungura."

Filumena alilia. Simung'unyi maneno, alilia kwa sauti pale juu mbele ya ufa, na Ġiġa hakumbembeleza. Alisimama akimtazama mpaka akamaliza.

"Nisamehe," akasema.

"Nitaona." Kisha Ġiġa akauliza lililomfanya asiurudishe ufunguo: "Utampa Grezzju jina langu? Soga zote za klabuni nazisikia hapa dirishani. Huu ukuta hautastahimili spika zake, Filumena. Wala mimi."

Filumena akasema hapana. Lakini alipofika kwake alijua hapana hiyo itamgharimu. Klabuni walikuwa wanayasubiri majina. Akienda mikono mitupu, ataonekana ama hajiwezi ama amegeuka yeye mwenyewe, na klabu ile ndiyo iliyokuwa familia iliyombakia. Akiyatoa, amempoteza Ġiġa, tena kwa haki.

Jumamosi ya tatu klabu ilijaa mpaka kwenye meza ya biliadi. Wakili Doreanne, mwanamke mwembamba mwenye miwani shingoni, aliketi na karatasi yake tupu. Mheshimiwa alikaa mstari wa mbele, miguu amepishanisha. Watu wakasema ya kwao: tai, mshauri, wimbo, tuhamie kulia kidogo, hapana tuhamie kushoto. Wakili aliandika yote bila kuinua uso, kama mtu aliyeyasikia klabu kumi kabla yetu.

"Sasa ushahidi," akasema Grezzju, akisugua mikono. "Bi Filumena, majina."

Filumena akasimama. Akafungua mpira wa soksi.

"Jina ninalo moja," akasema. "La msaliti wa kwanza wa Mtaa wa Kisima. Filumena, nyumba namba tisa."

"Acha mchezo, mama," akasema Grezzju.

"Mchezo niliuacha wiki mbili zilizopita. Wewe kaa nikueleze." Na Grezzju, na kifua chake chote, akakaa. "Mlinipa daftari nikaandike watu wanavyofikiri. Mimi nikaandika ninavyopenda wafikiri. Aliyenifungulia mlango, vema. Aliyenipa chai, vema. Ambaye babu yake alikuwa wetu, vema tatu. Hakuna aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe, nikawadanganya na nyinyi, na nyinyi mkaagiza fataki."

Watu wakacheka kidogo, wakajutia.

"Kuna nyumba moja, sisemi ipi, mwanamke analala jikoni miaka minne kwa sababu ukuta wa chumba chake umepasuka. Aliniambia. Nikamwambia mtu aliye humu ndani, akanijibu nimwachie yeye." Hakumtazama mheshimiwa. Hakuwa na haja, tulimtazama sisi. Miguu yake ikaacha kupishana. "Sikurudi kumwambia yule mama kwamba nimeshindwa. Niliona haya. Nikawa nakunywa chai nimekaa juu ya kitanda chake, nampigia vema. Sasa niulizeni tena nani kamsaliti nani."

Akalamba kidole cha kugeuzia kurasa.

"Mnataka kujijenga upya, anzeni hapa." Akageuza ukurasa. "Humu nimeandika walichoniambia, nyumba zote, bila majina. Kituo cha basi. Zamu ya daktari. Vumbi la wajenzi, hilo nyumba thelathini na nane. Kufokewa na kiongozi kwenye televisheni. Twendeni tuwajibu. Hata jibu likiwa hatuwezi, twende tukaseme hatuwezi. Na twende sasa, uchaguzi ukiwa mbali, wajue hatukufuata kura. Hawa watu walinifungulia moyo mimi niliyekuja kuwasaka. Mimi nawashukuru. Chama kikiwapelekea lori, mtaa wangu tafutieni mtu mwingine."

"Lori lina kosa gani?" Grezzju akafoka, maana hilo tu ndilo alilobakiwa nalo.

"Nyumba kumi na moja zimelalamika kuhusu hilo lori, Grezzju. Wetu hao, wanaokupenda. Linaziba njia ya miguu, na muziki unatisha watoto."

"Kumi na moja?"

"Wa kumi na mbili analala kwako, sikumhesabu."

Ukumbi ukaangua kicheko mpaka padri aliyekuwa anapita nje akachungulia. Grezzju akawa mwekundu, akamtafuta mkewe kwa macho, mkewe akatazama dari. Wakili Doreanne alikuwa amevaa miwani.

"Bi Filumena," akasema, "naomba hilo daftari nilinakili. Na yule mama wa ukuta, akikubali yeye mwenyewe, mwambie nitakuja. Silipizi."

"Unataka kusema hulipishi, wakili," akarekebisha mtu wa nyuma, maana kulipiza ni kisasi, na hata wakili akacheka. Siku ile ndiyo tuliyocheka pale kwa mara ya kwanza tangu tushindwe.

Sikudanganyi kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Wawili walijiuzulu kamati. Grezzju alinuna Jumapili mbili, kisha siku moja tukaona lori limeegeshwa nje ya kijiji, na hakuna aliyethubutu kusema neno. Mheshimiwa aliambiwa na makao makuu apumzike. Kila Alhamisi jioni watu wawili wa klabu walitoka kupita mitaani, daftari tupu, marufuku kutaja kura. Kituo cha basi hatukukirudisha, lakini Filumena mwenyewe alikwenda kumwambia Nenu kwamba tumeshindwa na sababu ni hii na hii, na Nenu akampa mayai ya njiwa. Kesi ya ukuta ilifunguliwa. Itachukua miaka, mahakama zetu mnazijua. Ila mhandisi aliletwa, akausimamishia ukuta vyuma, akaandika kwamba chumba sasa ni salama kulala.

Kitasa cha Ġiġa kiliendelea kuwa kitupu kiangazi chote. Filumena hakulalamika. Kila Alhamisi alivuka, akagonga, akasubiri afunguliwe, akaeleza kesi imefika wapi, akaaga.

Ilikuwa Septemba, asubuhi ya siku iliyofuata sikukuu yetu, barabara bado zimetapakaa karatasi za rangi. Filumena alifungua mlango wake kutupa maji ya deki. Akainua uso. Ufunguo ulikuwa kitasani, na utepe wake mwekundu uleule.

Aliweka ndoo chini katikati ya barabara, gari moja likapiga honi, hakulisikia. Akauzungusha ufunguo. "Ni mimi!" akaita.

Jikoni hapakuwa na kitanda. Ġiġa alikuwa jikoni anakoroga sungura kwa mvinyo, mgongo amempa.

"Funga mlango, paka ataingia," akasema. "Daftari unalo?"

"La nini leo? Si Alhamisi."

"Lilete. Lile la alama, la zamani. Najua hulitupi."

Filumena akavuka barabara, akarudi nalo. Ġiġa akafuta mikono, akalifungua kwenye ukurasa wa nyumba yake, akatazama ile vema iliyokaa pale miaka thelathini na mmoja bila yeye kuulizwa. Akampa penseli.

"Futa hiyo. Uchaguzi ujao sijui nitapiga wapi. Nitawatazama. Andika hivyo."

Filumena akafuta. Akaandika alama ya kuuliza, taratibu, kwa mwandiko wa mtoto wa shule, na tone likadondokea karatasi.

"Ahsante, Ġiġa."

"Ahsante ya nini, wewe? Kura sijakupa."

"Najua," akasema Filumena, akivuta kiti. "Ndiyo maana."